Hivi nani aliamua muziki "mkubwa" usikilizwe kimya bila makofi? Tuuchambue muziki wa Ulaya na sheria zake

#1 Zeze la Babu
Wakuu salaam. Nina hoja, tuichambue bila matusi. Ukiangalia okestra za Vienna, Berlin, London unakuta ukumbi umejaa watu, taa zimefifishwa, hakuna anayetikisa hata mguu. Simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, mara nyingi ina sehemu nne na kati ya sehemu na sehemu ni kimya, atakayepiga makofi anakatwa jicho mpaka ajute. Na sisi huku tumekuzwa tukiamini huo ndo ustaarabu wa muziki, ule unaochezewa na kupigiwa vigelegele ni wa daraja la chini.

Sasa hii desturi hata huko kwao si ya zamani kihivyo. Mozart tarehe 3 Julai 1778 alimwandikia baba yake kutoka Paris, simfoni yake mpya imetoka kupigwa kwenye konsati za Concert Spirituel, anasimulia kwa furaha kabisa kwamba kuna kipande alikiweka katikati ya sehemu ya kwanza akijua kitawakuna watu, na kweli wakapiga makofi muziki unaendelea, akakirudisha mwishoni wakapiga tena. Alivyofurahi akaenda kula aiskrimu kisha akasali rozari aliyokuwa ameweka nadhiri. Beethoven naye, Vienna Desemba 1813, simfoni ya saba, sehemu ya pili watu waliishangilia mpaka ikarudiwa palepale.

Sasa nani alizima shangwe hizi, lini, na kwa faida ya nani? Maana mimi naamini hapo ndipo ilipochongwa rula ambayo baadaye dunia nzima ilipimiwa.

#2 Kinanda_Mbovu
Wagner, yule Mjerumani wa opera. Uzi ufungwe.

#3 Berliner wa Tanga
@Kinanda_Mbovu usifunge uzi wa watu, Wagner peke yake hatoshi. Mimi naishi huku Ujerumani muda mrefu. Leipzig kuna okestra ya Gewandhaus, ukumbi wao wa kwanza ulifunguliwa 1781 na ukutani waliandika maneno ya Kilatini ya Seneca, maana yake furaha ya kweli ni jambo zito. 1781! Wagner hajazaliwa, baba yake mwenyewe bado mtoto. Mendelssohn akaja kuiongoza hiyo okestra 1835 na akazidisha uzito, programu ikawa ya kazi nzima nzima badala ya ule mchanganyiko wa zamani ambao walikuwa wanapiga sehemu moja ya simfoni, anaingia mwimbaji, anaingia mpiga vayolini wa mbwembwe, halafu ndo simfoni inamaliziwa.

Wagner alichofanya ni Bayreuth 1876, ukumbi kuzimwa taa na okestra kufichwa chini ya jukwaa isionekane. Halafu 1882 ikaja opera yake Parsifal, hapo wasikilizaji walichanganyikiwa wapige makofi au wasipige, inasimuliwa Wagner mwenyewe alipiga kelele za "bravo" kwenye onyesho mojawapo akazomewa na mashabiki wake wanyamaze, hawakujua ni yeye. Kondakta Mahler akashika Opera ya Vienna 1897 akawa hataki wachelewaji waingie. Mtunzi Schoenberg 1918 akaanzisha chama chake cha konsati hapohapo Vienna, makofi marufuku kabisa, waandishi wa magazeti hawaingii, na hata usiku wa konsati hujui utapigiwa nini mpaka ufike. Kwa hiyo ni mlolongo wa miaka zaidi ya mia, huwezi kumbebesha mtu mmoja.

#4 Dada Alto
Asante kaka Berliner kwa historia. Ila umesema nani na lini, hujasema kwa nini. Kwa maoni yangu ni pesa na tabaka. Zamani muziki ulikuwa wa mfalme na makabaila, wao walikula, wakacheza karata, wakaongea huku Haydn anapiga, hawakuwa na la kuthibitisha maana nyumba ni yao. Tabaka la kati la wafanyabiashara na mawakili lilipoanza kukata tiketi lilitaka kuonekana limesoma, na njia rahisi ya kuonyesha umesoma ni kujua sheria ambazo asiyesoma hazijui. Amerika ndo ilionekana wazi zaidi, Higginson tajiri wa benki alianzisha Boston Symphony 1881 kwa hela yake. Kabla ya hapo bendi moja ilipiga opera na polka jioni ileile na hakuna aliyeona tatizo.

Na hili linatuhusu. Mtoto wangu anafanya mitihani ya gredi ya piano hapa Nairobi, ile inayotoka Uingereza tangu 1889. Anapiga vizuri, ana sikio. Siku moja akiwa darasani akaongeza vinote vyake mwishoni mwa kipande, vitamu kweli, mwalimu akamwambia hiyo ni kukosa heshima kwa mtunzi. Mtoto wa miaka tisa! Na mtunzi mwenyewe enzi zake alikuwa anaongeza.

#5 Mtu wa Besi
Nampinga dada Alto na Zeze wote kwa heshima. Mnageuza kila kitu kuwa siasa. Sababu ipo kwenye muziki wenyewe. Chukua Tchaikovsky simfoni ya sita, 1893, katikati ya sehemu ya kwanza kuna mahali kaandika herufi p sita mfululizo kwa ajili ya bason, chombo cha kupuliza cha sauti nzito, p moja tu maana yake piga kwa sauti ndogo, sasa hizo sita ni sauti ya kunong'ona. Sekunde chache baadaye okestra nzima inalipuka. Mtu akiwa anamenya karanga pembeni yako huo mlipuko hauna maana tena. Watunzi walianza kuandika vitu vyenye tofauti kubwa ya sauti na vyenye kumbukumbu ndefu, kwamba kilichosikika dakika ya pili kinarudi dakika ya arobaini kimebadilika, bila utulivu hukipati. Kimya ni chombo kama vayolini, hakikuletwa kumnyanyasa mtu.

#6 Kinanda_Mbovu
Mtu wa Besi umeongea, karanga zako lakini tunazijua toka mazoezi ya Jumamosi 😂

#7 Zeze la Babu
@Mtu wa Besi hoja nzuri ila jibu hili: Mozart na Beethoven hawakuandika kwa ajili ya ukimya huo, mbona nao wanasikilizwa kimya leo? Kama kimya ni chombo, basi kimepigwa kwenye kazi ambazo mtunzi hakukiandika.

#8 Mtu wa Besi
Hapo sina ubishi mkubwa. Ila Beethoven wa mwishoni, zile kwateti za wapigaji wanne, ungependa watu wapige vigelegele katikati? Mimi hapana.

#9 Kigogo wa Nzali
Mnazungumzia makofi tu, hakuna aliyegusa sauti zenyewe. Hapo ndo pana kesi.

Sisi Wagogo tunaimba kwa kufuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti. Ukipiga waya mmoja mrefu wa zeze unasikia juu yake sauti nyingine nyembamba zimejipanga, watafiti wanaziita hamoniki. Gerhard Kubik, Mwaustria, ameandika kabisa kwamba ngazi ya Wagogo inatoka kwenye hamoniki ya nne hadi ya tisa. Sasa hamoniki ya saba haipo kwenye piano! Tafuta funguo zote, haipo. Ukianzia C, iko chini ya Bb ya piano (B iliyoshushwa nusu) kwa senti 31 hivi, na senti mia moja ndo umbali wa funguo moja hadi inayofuata, kwa hiyo ni karibu theluthi nzima ya hatua. Ya tano nayo iko chini ya E kwa senti 14. Marehemu mzee Hukwe Zawose alivyokuwa anaimba na kupiga ilimba, kile chombo cha vidole gumba, hiyo saba ilikuwa inakaa pale pale panapotakiwa, Ulaya wakampigia makofi wakasema sauti ya ajabu.

Kanisani kwetu kililetwa kinanda cha umeme. Mama zetu wanaopiga muheme, ngoma yetu ya wanawake, wakiimba, ile saba inatoka yenyewe bila kufikiri. Mwalimu wa kwaya, kijana aliyetoka semina, anasimamisha wimbo, anabonyeza Bb, anarudia kubonyeza, "mama mnashuka, sikilizeni kinanda". Wale mama hawashuki popote, kinanda ndicho kilichopanda. Baada ya muda waliokuwa wanaimba kwa nguvu wakawa wanaimba kwa kuogopa. Hilo la kwao halikuandikwa mahali popote kama kosa la kinanda.

#10 Hz432
Sasa mmefika nilipokuwa nawasubiri. Mnajua kwa nini kinanda kinaimba vibaya? A ilikuwa 432 Hz, sauti ya asili ya ulimwengu, Wanazi wakaibadilisha kuwa 440 mwaka 1939 ili kuwafanya watu wawe na hasira. Gugo mtaona.

#11 Berliner wa Tanga
Ndugu hapana, tusichafue uzi. A haikuwahi kuwa moja Ulaya nzima, kila mji na kila ogani la kanisa lilikuwa na yake, nyingine chini sana nyingine juu sana. Ufaransa waliweka sheria 1859, A iwe 435. Verdi ndiye aliyepigania 432 kule Italia miaka ya 1880. Hiyo 440 ilipendekezwa Stuttgart tangu 1834 na Scheibler, na mkutano wa 1939 ulifanyika London, sio Berlin. Tena Hz inahesabu mitetemo kwa sekunde, na sekunde ni kipimo alichokigawa binadamu, ulimwengu haujui sekunde.

Halafu alichosema Kigogo hakihusiani na A iko wapi. Hata ukishusha kinanda chote mpaka 432, hamoniki ya saba bado haipo, kwa sababu tatizo ni mgawanyo wa hatua 12 zinazolingana, sio mahali pa kuanzia.

#12 Pwani Kanuni
Assalaam aleikum. Mimi ni wa taarab, Unguja. Kigogo ana hamoniki yake, sisi tuna robo. Kanuni, chombo chetu cha nyuzi nyingi, ina vile vikomeo vidogo vya chuma pembeni, wakinyanyua na kulaza vile ndipo sauti inakaa baina ya funguo mbili, maqamu, yaani mizani za Kiarabu, kama rast na bayati haziwi bila ya hiyo. Kilipoingia kinanda cha umeme kwenye taarab mengi yalipotea, wimbo wa bayati ukapigwa kama mwengine wowote.

Lakini nataka niwape kisa kinachogeuza hoja ya Zeze. Mwaka 1932 Cairo, Mfalme Fuad aliitisha kongamano la muziki wa Kiarabu, wakaalikwa wakubwa wa muziki wa Ulaya, Bartók, Hindemith, Hornbostel, Curt Sachs. Likazuka suali la piano, iingizwe au isiingizwe. Sasa nani alitaka iingie? Wamisri wengi, wenye kutaka maendeleo, hata piano maalumu za robo zilipelekwa pale. Na nani alikataa? Wazungu wale! Wakasema mtaharibu muziki wenu. Wamisri wengine wakaona hawa wanataka tubakie nyuma. Sasa nambieni hapo mkoloni nani.

Na Bara Hindi vilevile, redio ya taifa ilipiga marufuku hamoniamu, kile kinanda kidogo cha kupuliza hewa kwa mkono, kuanzia 1940 hadi 1971 kwa sababu hiihii ya sauti kutofika zinapotakiwa, na wenyewe waimbaji wengi walikuwa washaipenda.

#13 Zeze la Babu
Shukrani sana Pwani Kanuni, hiki cha Cairo kimenikalisha chini. Lakini angalia, pande zote mbili zilikuwa zinaiangalia Ulaya. Mmoja anataka piano ili afanane nayo, mwingine anakatazwa piano ili abaki tofauti nayo. Ulaya ipo katikati ya meza kila upande. Hiyo ndo nguvu ninayoisema.

#14 Dada Alto
Tusisahau kwamba waliofungiwa mlango ni pamoja na wao kwa wao. Vienna Philharmonic ilikubali mwanamke kuwa mwanachama rasmi 1997, Anna Lelkes wa kinubi, na alikuwa anapiga nao miaka zaidi ya ishirini bila uanachama!! 1997, mimi nimeshazaliwa.

#15 Berliner wa Tanga
Dada kisa cha Munich ndo kitakuumiza. 1980, Abbie Conant, mpiga tromboni Mmarekani, barua ya kumwita kwenye usaili ilimwandika "Bwana". Usaili ukafanyika nyuma ya pazia, akapiga, kondakta Celibidache akasema huyuhuyu, wengine waliobaki wakarudishwa nyumbani bila kusikilizwa. Pazia likafunguka, mwanamke. Mwaka wa majaribio akaupita, halafu akashushwa kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili, sababu eti solo inataka mwanaume. Akaenda mahakamani, akapimwa mpaka mapafu kama yana pumzi ya kutosha. Kesi zilichukua zaidi ya miaka kumi na akashinda.

#16 Mtu wa Besi
Basi mwone kwamba pazia ndo dawa. Boston walianza kulitumia miaka ya 50. Ukiondoa sura inabaki sauti. Huo ni uadilifu uliobuniwa na taasisi hizihizi mnazozishambulia.

#17 Nyasi za Illinois
Nipo Marekani, nimekuwa nasoma tu kimya ila hapa niingie. Pazia liliwasaidia wanawake, japo kuna utafiti wa 2000 wa Goldin na Rouse unaotajwa kila mahali na wataalamu wa takwimu wameshaupiga maswali makali kwamba namba zake hazibebi mzigo wote unaobebeshwa. Kwa weusi ni hadithi nyingine. 1969 wanamuziki wawili weusi, Earl Madison wa chelo na Art Davis wa besi, waliishtaki New York Philharmonic kwenye tume ya haki za binadamu ya jiji. Tume haikukubali kwamba walibaguliwa kwenye usaili, ila ilisema kwenye kuwaita wapigaji wa muda ubaguzi upo, yaani ule mtandao wa kujuana. Miaka hamsini baadaye mweusi mwenye kiti cha kwanza pale ni Anthony McGill wa klarineti. Pazia linaficha uso siku ya usaili tu, halifichi nani alinunuliwa chelo akiwa na miaka sita.

Na watunzi je. Saint-Georges, mzaliwa wa Guadeloupe, mama yake mtumwa, alikuwa kiongozi wa okestra bora Paris. 1776 akatajwa kuongoza Opera, waimbaji wa kike wakaandika kwa malkia hawawezi kuamrishwa na chotara. Bridgetower, mpiga vayolini chotara, alipiga na Beethoven Vienna 1803 ile sonata ambayo leo ina jina la Kreutzer, Kreutzer mwenyewe hakuwahi kuipiga hadharani. Florence Price simfoni yake ilipigwa na Chicago Symphony 1933, mwanamke mweusi wa kwanza kupata hilo kwenye okestra kubwa, 1943 akamwandikia kondakta wa Boston akamwambia wazi ana vikwazo viwili, jinsia na rangi. Lundo la karatasi zake lilikutwa 2009 kwenye nyumba mbovu iliyoachwa, kijiji cha St. Anne huku Illinois, watu walipoinunua waikarabati. Ingebomolewa je?

#18 Kinanda_Mbovu
Hapa sina utani. Hiyo ya nyumba imenikaa.

#19 Mtu wa Besi
Inauma kweli. Lakini Price mwenyewe alitaka nini? Alitaka simfoni yake ipigwe na Boston! Hakusema simfoni ni mbaya. Alisema mlango ufunguliwe.

#20 Nyasi za Illinois
@Mtu wa Besi sawa, ila kuna wanaosema kufungua mlango hakutoshi, hata jinsi muziki unavyofundishwa vyuoni kuna tatizo. Philip Ewell 2019 alisimama mbele ya wanadharia wenzake Columbus, Ohio, akasema nadharia ya Schenker ya kuchambua muziki kwa michoro, inayofundishwa vyuo vingi Marekani, imejengwa na mtu aliyeamini ukuu wa Wajerumani na wazungu na akayaandika hayo, na kwamba wanafunzi wake waliyakata hayo wakabakiza michoro. Ugomvi ukawaka, jarida moja likatoa 2020 mkusanyiko wa makala za kumjibu, mpaka mahakamani.

#21 Berliner wa Tanga
Ongeza kwamba Schenker alikuwa Myahudi kutoka Galicia, alifariki 1935, na mkewe Jeanette alifia kambi ya Wanazi ya Theresienstadt 1945. Simtetei, alichokiandika kiko pale. Ila tukisema "mzungu" tuone nani alikuwa ndani na nani nje, maana wenyewe Wajerumani walimtoa.

#22 Lushois
Ndugu zangu jambo. Mimi ni wa Lubumbashi. Naona munaongea sana kama vile huu muziki ni wa wageni tu. Kinshasa kuko Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ilianza 1994, iliundwa na Armand Diangienda, mujukuu wa Simon Kimbangu, yule nabii Wabelgiji walimufunga mpaka kufa. Mwanzo vyombo vilikuwa kidogo, watu wanapokezana vayolini moja, umeme unakatika katikati ya mazoezi, wanaendelea. Wanapiga simfoni ya tisa ya Beethoven na kwaya yao wenyewe. Sasa mutamwambia huyo mama anatoka sokoni na anapiga chelo mangaribi kwamba amefungwa akili? Kimbangu alipigana na mukoloni kuliko sisi wote hapa.

#23 Kigogo wa Nzali
Ndugu Lushois hakuna anayemkataza. Swali langu ni moja, siku Beethoven anapigwa Kinshasa, nani anapiga muheme Vienna na anapewa mtihani wa gredi?

#24 Mwalimu Solfa
Shikamooni wakubwa. Nimefundisha kwaya tangu ujana, Njombe mpaka Songea. Mnausema muziki wa Ulaya kama mjeledi, hebu jueni solfa, zile nota za herufi tunazofundishia kwaya, ilikotoka. Ilianza na Sarah Glover wa Norwich, mwalimu wa kike, John Curwen akaichukua miaka ya 1840 kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili na wafanyakazi wa viwandani wasioweza kununua piano. Hata wenye vyuo vya muziki waliidharau kwao. Ni nota za maskini. Ndiyo maana ilifika vijijini kwetu, ubao na chaki vinatosha, d r m f s l t, jioni moja watu arobaini wanaimba sauti nne.

Madhara yapo, sikatai. Tenzi za Kijerumani zilitafsiriwa muziki ukabaki uleule, mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, muziki unaupiga silabi ya mwisho, mpaka leo tunaimba "Bwa-NA" kwa nguvu bila kujua. Na hiyo saba ya Kigogo solfa haina herufi yake. Lakini ningekuwa sina solfa, nyimbo zetu wenyewe tulizotunga ningezipelekaje kijiji cha pili?

#25 Zeze la Babu
Marahaba mwalimu, hapana, shikamoo wewe. Hili la nota za maskini sikuwahi kulisikia popote.

#26 Pwani Kanuni
Kigogo, turudi kwenye kinanda cha kanisani kwenu. Vinanda vya sasa, Korg na Yamaha zenye sehemu ya mizani ya Kiarabu, vinakubali kushusha kila funguo peke yake kwa senti. Sisi ndivyo tunavyoitoa robo. Chukua wimbo wa C: E shusha 14, Bb shusha 31, G pandisha 2, D pandisha 4. Ihifadhi, uwape mama zako waimbe.

#27 Kigogo wa Nzali
Nimeandika. Jumamosi namfuata kijana wa semina.

#28 Mtu wa Besi
Itakuwa tamu kwenye C. Ila padri akianzisha wimbo kwenye D mwambie mpiga kinanda aweke upya funguo zote, maana hiyo hiyo C itakuwa ndo saba ya wimbo na iko juu kwa senti karibu 30. Ndo sababu Wazungu waligawa zile hatua 12 sawa sawa, walitaka kuhama bila kupanga upya.

#29 Kigogo wa Nzali
Mama zetu wanahama na padri popote anapoanzia, na saba inahama nao.